Mpaka wa Uhuru Uchorwe na Sheria, si na Rungu

Mtu ashukaye katika daladala pale Mwenge saa kumi na mbili jioni, mahali Barabara ya Sam Nujoma inapokutana na Barabara ya Bagamoyo, aweza kuisoma Katiba ya nchi yetu bila kufungua kitabu. Mbele yake yuko mama aliyeweka beseni la ndizi mbivu ukingoni mwa lami. Pembeni kijana ametandika turubai, na juu yake amepanga viatu vya mitumba jozi kwa jozi, vimepigwa dawa vinang'aa. Nyuma yao yuko mwenye duka, alipaye pango la fremu, leseni na kodi, na ambaye mlango wake hauonekani kwa wingi wa meza zilizouzunguka. Kati yao anapita mzee mwenye fimbo, akitafuta njia ya waenda kwa miguu ambayo imemezwa na bidhaa. Mwishowe anateremka barabarani katikati ya bodaboda. Na ng'ambo ya pili amesimama mgambo wa manispaa, akingoja amri.

Watu hao wote wana haki. Hakuna hata mmoja wao aliye mwizi, wala mnyonyaji, wala adui wa taifa. Mama ana haki ya kufanya kazi, na kijana vilevile. Mwenye duka ana haki ya kupata riziki kutokana na mali yake aliyoitolea kodi. Mzee ana haki ya kwenda atakako bila kugongwa. Hata mgambo ana wajibu halali wa kulinda utaratibu wa mji. Haki hizo zote zinagongana juu ya kipande cha ardhi kisichozidi hatua tatu kwa upana, na kila jioni mmoja wao hana budi kumpisha mwenziwe.

Tunaandika habari hii kwa sababu twasikia hoja mbili zikirudiwa vijiweni, ofisini na hata katika vikao vya matawi. Hoja ya kwanza husema kwamba uhuru ni uhuru, na ukiwekewa mpaka umekwisha kufa. Hoja ya pili husema kwamba Serikali ikiagiza ondoka, mwananchi aondoke, na kuuliza sababu ni ukaidi. Kwa maoni yetu hoja zote mbili ni za hatari, na hatari yake humwangukia kwanza mfanyakazi na mtu mnyonge.

Tuitazame ya kwanza. Uhuru usio na mpaka ni uhuru wa mwenye nguvu. Pasipo sheria, kona nzuri ya Mwenge haimwendei mama mwenye beseni. Humwendea mwenye ngumi, au mwenye fedha za kumlipa mwenye ngumi. Wazee walisema mwenye nguvu mpishe, lakini Chama cha wakulima na wafanyakazi hakikuundwa ili kuufanya msemo huo kuwa sheria ya nchi. Kiliundwa ili kuupinga. Kwa hiyo hatusemi kwamba mpaka usiwepo. Mpaka ni lazima uwepo. Tunachouliza ni haya: nani auchore, auchore kwa kitu gani, na yule uliyemwangukia aende kwa nani kulalamika?

MPAKA WA TAMKO

Yafaa tukumbuke yaliyotokea katika jiji hili. Desemba 2016 Rais John Magufuli alitamka kwamba wafanyabiashara wadogo, ambao wote twawaita wamachinga, wasibughudhiwe na kufukuzwa mijini. Desemba 2018 vikatolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kwa malipo ya Sh. 20,000 kila kimoja, kwa wale ambao mauzo yao hayakuzidi Sh. 4,000,000 kwa mwaka. Vijana wengi walivinunua. Waliamini, wala hatuwezi kuwacheka kwa kuamini hivyo, kwamba pamoja na kitambulisho wamenunua ruhusa ya kukaa mahali walipokuwa wamekaa.

Meza zikaongezeka. Zilijaa njia za miguu, zikaifunga mitaro, zikafika kwenye lami yenyewe. Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akawaagiza wakuu wa mikoa wawapange wafanyabiashara hao katika maeneo yanayofaa, bila vurugu wala uonevu. Mkoa wa Dar es Salaam uliweka siku ya mwisho, kisha ukaisogeza mbele hadi 30 Oktoba. Baada ya hapo vibanda vya kando ya barabara kuu vikabomolewa. Waendao kwa miguu wakafurahi, na furaha yao ilikuwa ya haki. Wenye maduka wakaonekana tena. Wengi walioondolewa nao wakalia, na kilio chao pia kilikuwa cha haki, kwa kuwa masoko walikopelekwa yalikuwa mbali na wapita njia, na mchuuzi asiye na wapita njia ni mvuvi asiye na bahari. Kadiri siku zilivyopita meza zikaanza kurudi moja moja, kwanza jioni, kisha mchana.

Hatuandiki haya ili kumlaumu kiongozi yeyote. Kila tamko lilikuwa na sababu yake: la 2016 lilimhurumia mchuuzi, la 2021 lilimhurumia mpita njia. Lakini tazameni jambo moja. Mpaka uliosogezwa na tamko ukarudishwa na tamko. Mama wa ndizi hakuweza kuufungua ukurasa wowote akasoma, mwaka hadi mwaka, wapi aruhusiwapo kuweka beseni, kwa saa zipi, kwa malipo gani, na akionewa amshitaki nani. Mpaka usioweza kusomwa hauwezi kuheshimiwa. Huwa unaogopwa tu, na woga hukoma mgambo akipinda kona.

KATIBA YASEMAJE?

Wapo wanaodhani kwamba Katiba ni jambo la wanasheria na Wabunge. La hasha. Ibara ya 22 yampa kila mtu haki ya kufanya kazi. Ibara ya 17 yampa raia uhuru wa kwenda na kuishi popote katika Jamhuri. Ibara ya 24 yalinda mali ya mtu, nayo yakataza kumnyang'anya bila idhini ya sheria na bila fidia inayostahili. Wala haikusema kwamba mali ni ghorofa na magari tu, kwa hiyo beseni la ndizi ni mali. Ibara ya 13 yataka mtu asikilizwe kwa ukamilifu pale haki yake inapoamuliwa na mahakama au chombo kingine.

Lakini Katiba hiyo hiyo haikumpa mtu haki bila kumpa wajibu. Ibara ya 25 yasema kazi ndiyo izaayo utajiri wa mali katika jamii, na yamtaka kila mtu ashiriki katika kazi halali. Ibara ya 26 yamtaka kila mtu atii sheria. Na Ibara ya 30 ndiyo yenye mpaka wenyewe: haki na uhuru visitumiwe kwa namna ya kuingilia haki za wengine au maslahi ya umma. Ibara hiyo yaruhusu sheria ziwekwe kwa ajili ya ulinzi, usalama, amani, maadili na afya ya jamii, na pia, wananchi wa Mwenge wasikie vizuri, kwa ajili ya mipango ya maendeleo ya miji na vijiji.

Kwa hiyo Manispaa ya Kinondoni haikosei ikisema kwamba njia ya miguu si soko. Katiba yenyewe yairuhusu kusema hivyo. Lakini ibara hiyo yataja sheria. Haitaji hasira ya ofisa, wala simu iliyopigwa usiku, wala gari la mgambo lililopakia mizigo ya watu bila hata kuandika orodha. Tena ibara hiyo hiyo yampa mtu anayeona haki yake imevunjwa, au yaelekea kuvunjwa, ruhusa ya kwenda Mahakama Kuu. Mpaka wa Katiba una mlango wa malalamiko. Mpaka wa rungu hauna.

TULIKOTOKA

Mpaka huu haukuanza jana. Mwaka 1944 Serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini watu iliowaita wasiotakiwa. Mwafrika asiye na kazi ya kuajiriwa aliweza kukamatwa Dar es Salaam akarudishwa kwao, kana kwamba mji uliojengwa kwa jasho lake ulikuwa nyumba ya mgeni. Mtu yeyote maskini aliyeonekana mjini bila bwana wa kumwajiri aliweza kuitwa mhuni.

Mkoloni hakuwawekea mipaka wasio na kazi peke yao. TANU ilizaliwa 7 Julai 1954, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kuviandikisha vyama, ambayo kwayo matawi yalikataliwa usajili, hasa huko Usukuma. Mwaka 1957 Mwalimu Nyerere alizuiwa kuhutubia mikutano ya hadhara. Mwaka 1958 alishitakiwa kwa maneno aliyoyaandika juu ya wakuu wa wilaya, akatozwa faini ya Sh. 3,000. Kila mara mkoloni alitoa sababu ile ile, kwamba amani na usalama wa umma vyahitaji hivyo. Wanachama wetu wa leo, walio wengi wakazaliwa baada ya siku hizo, yawapasa walikumbuke jambo hili: Chama hiki kililelewa na watu waliosimama upande wa pili wa mpaka.

Tulipopata Uhuru, 9 Desemba 1961, Katiba yetu haikuwa na orodha ya haki za binadamu zinazoweza kudaiwa mahakamani. Mwaka 1962 Bunge likapitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila hukumu. Tume iliyoongozwa na Rashidi Kawawa, iliyotoa ripoti yake mwaka 1965 juu ya mfumo wa chama kimoja, iliona kwamba orodha hiyo ingeweza kuifunga mikono Serikali changa iliyokuwa ikipigana na umaskini, ujinga na maradhi. Badala yake ikapendekezwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966 chini ya Chifu Erasto Mang'enya, ili mwananchi aliyeonewa na mwenye madaraka awe na mahali pa kupeleka kilio chake.

Tusiwahukumu wazee wale kwa wepesi. Nchi ilikuwa na wasomi wachache, majeshi yalikuwa yamekwisha kuasi Januari 1964, na majaji wengi walikuwa bado Waingereza. Lakini tusifiche pia kwamba madaraka yasiyoulizwa huzoeleka. Yaliyowekwa kwa ajili ya dharura hukaa hata dharura ikiisha, na aliyepewa rungu la kumwindia nyoka huanza kulitumia kuku wa jirani akipita.

Mfano mkubwa kwa watu wa jiji hili ni mwaka 1983. Uchumi ulikuwa umeharibika baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta. Sukari, sabuni na nguo zilikuwa adimu. Mwezi Machi ulianza msako wa wahujumu uchumi. Watu walikamatwa kwanza, na sheria ya kuwashitaki ikapitishwa na Bunge mwezi Aprili, ikarudishwa nyuma ili ikifunike kitendo kilichokwisha kutendwa. Mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Nguvu Kazi. Nia yake ilikuwa njema, kwani nchi ya wafanyakazi haiwezi kulea wavivu, na kila mmoja wetu alifundishwa kwamba mgeni huheshimiwa siku mbili, ya tatu hupewa jembe. Lakini msako ulipoingia mitaani, aliyeulizwa kitambulisho cha kazi alikuwa muuza karanga, fundi viatu chini ya mwembe, mama wa maandazi. Hao walikuwa wakifanya kazi kuliko wengi waliokuwa na vitambulisho, ila kazi yao haikuwa na mhuri. Walipakiwa magarini wakapelekwa mashambani, na wengi wao hawakukawia kurudi, maana tumbo lao lilikuwa mjini.

Katika msako huo sheria ilikuwapo, imeandikwa na kupitishwa, na bado haki ya watu ilikanyagwa. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba mpaka umo katika sheria. Sheria yenyewe nayo yapasa kupimwa.

VIPIMO VITATU

Jambo jema ni kwamba wananchi wenyewe waliliona hilo. Chama Cha Mapinduzi kilipofungua mjadala wa kurekebisha Katiba mwaka 1983, mapendekezo ya mwanzo hayakuwa na orodha ya haki. Wananchi wa Bara na Visiwani ndio walioidai, katika mikutano na magazetini. Chama kikasikia. Mwaka 1984 Bunge likaingiza orodha hiyo katika Katiba, na Serikali ikapewa miaka mitatu kuzisafisha sheria zake, hata mwaka 1988 mwananchi akaweza kuidai haki yake mahakamani. Miaka mitatu ikapita, na sheria nyingi hazikusafishwa: Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyofanya kazi mwaka 1991 na 1992, ilitaja sheria 40 zilizobana haki, baadhi za mkoloni na baadhi zetu wenyewe.

Tangu hapo mahakama zetu zimekuwa zikichora mipaka kwa kalamu. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilikikataa kifungu kilichomnyima dhamana mshitakiwa wa unyang'anyi bila kumwachia hakimu nafasi ya kupima. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, wananchi wawili walitaka kuishitaki Serikali, wakaambiwa kwamba sheria yataka kwanza wapate kibali cha Serikali hiyo hiyo. Mahakama ya Rufani ikaitupa sheria hiyo, na ikaeleza kwamba sheria inayopunguza haki kwa ajili ya maslahi ya umma yapaswa kutimiza mambo mawili: isimwachie mwenye madaraka kuitumia apendavyo, bali iwe na kinga dhidi ya uonevu; na isipunguze haki kupita kiasi kinachohitajika.

Hivyo ni vipimo viwili vya mahakama. Sisi twaongeza cha tatu, ambacho kila mfanyakazi anakijua kutoka kiwandani: anayeguswa na amri asikilizwe kabla ya amri kumwangukia.

Yafaa sasa tuvipeleke Mwenge tuone kama vinafanya kazi.

Kipimo cha kwanza chataka mpaka unaosomeka. Upigwe mstari wa rangi katika ardhi, hapa njia ya miguu, hapa meza, wala meza isizidi upana huu. Pawe na ubao ulioandikwa kwa Kiswahili, wenye saa, ushuru na faini. Mgambo akichukua mzigo aandike orodha na kumpa mwenyewe nakala, na mwenye mzigo aambiwe siku na mahali pa kuukomboa. Ndizi na nyanya hazingoji wiki mbili, kwa hiyo mali inayooza isishikwe kama kigogo cha mpingo. Haya hayahitaji Bunge. Yahitaji kikao cha madiwani na kopo la rangi.

Kipimo cha pili chataka kiasi. Ikiwa njia ya miguu yahitaji hatua mbili, mchuuzi asiondolewe hatua ishirini. Ikiwa msongamano ni wa asubuhi na jioni, si lazima mtu afukuzwe mchana kutwa. Na akitakiwa kuhama kabisa, soko analopelekwa liwe na wapita njia. Jengo kubwa la wamachinga pale Karume, Ilala, lilikaa miaka mingi likiwa na vizimba vitupu, huku wachuuzi waliokusudiwa wakiuza nje juani. Ghorofa ile yatukumbusha kwamba matofali peke yake hayaiti wanunuzi. Pale pale Mwenge tuna mfano ulio bora. Wachonga vinyago wana mahali pao pajulikanapo, mafundi wa mpingo hukaa pamoja, wageni huwafuata walipo, wala mchongaji hamzibii mtu njia. Mpaka uliotengenezwa vizuri umewapa kazi, haukuwanyang'anya.

Kipimo cha tatu chataka sikio. Kabla ya siku ya kubomoa, iwepo siku ya kuzungumza, katika ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mama wa ndizi, mwenye duka, dereva, na wenye ulemavu ambao njia ile ndiyo miguu yao. Mwenyekiti wa mtaa asiwe tarishi wa amri zilizokwisha kupikwa kwingine.

Na wachuuzi nao tuwaambie wazi. Uhuru wa kufanya kazi haukupi ruhusa ya kumsukuma kipofu barabarani, wala kuutupa uchafu mtaroni hata mvua za masika zikaingiza maji nyumbani kwa jirani. Mpaka ukisha kuchorwa kwa haki na kwa kusikilizana, kuuvuka si ushujaa. Ni kumnyonya mwenzako aliyekubali kubaki ndani yake.

SI MWENGE PEKE YAKE

Tumekaa Mwenge kwa kusudi, kwa kuwa jambo kubwa huonekana vizuri katika jambo dogo. Lakini vipimo hivyo ndivyo vya kupimia uhuru mwingine wowote.

Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira, katika shauri lililofunguliwa na Mchungaji Christopher Mtikila, aliamua kwamba kumtaka mwananchi apate kibali cha polisi ndipo afanye mkutano ni kuigeuza haki kuwa fadhila. Na hata hivyo, kuanzia mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa kwa tamko, hata Rais Samia alipoliondoa zuio hilo 3 Januari 2023. Wapo wanachama waliolifurahia zuio hilo kwa kuwa liliwabana washindani wetu. Twawauliza: mlango mlioufurahia ukifungwa mbele ya jirani, nani ana ufunguo wake kesho? Agosti 2021 gazeti la Uhuru, mali ya Chama chenyewe, lilifungiwa siku 14 kwa habari iliyosemwa kuwa si ya kweli. Gazeti likikosea lazima liwajibike, na hilo hatulibishi. Lakini tukio lile limtoshe yeyote adhaniaye kwamba mipaka ya uhuru huwekwa kwa ajili ya watu wengine tu.

Na Oktoba 2025 watu wa Mwenge, kama wa Temeke na Ilala, waliujua mpaka mzito kuliko yote. Siku ya uchaguzi, 29 Oktoba, zilitokea ghasia. Jijini ikatangazwa amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni, na intaneti ikakatika nchini. Watu walipoteza maisha. Mama wa ndizi hakuuza, kibarua hakwenda kazini, na aliyekuwa na ndugu mbali hakujua kama yu hai. Mwezi uliofuata Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Sisi twasema neno moja tu, kwa uzito wote tulio nao: mpaka kadiri ulivyo mzito, ndivyo deni la kuueleza linavyokuwa zito. Katiba imeweka utaratibu wake hata kwa nyakati za hatari. Nchi isiyoeleza kwa nini ilifunga milango yake itashindwa kueleza kwa nini imeifungua.

JAMII IKIBADILIKA

Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, jiji la Dar es Salaam lilikuwa na watu wapatao 270,000. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu zaidi ya 5,300,000 katika mkoa huu. Mfanyakazi wa 1967 tulimjua: alikuwa bandarini, kiwandani, relini au ofisini, na alikuwa na chama chake cha wafanyakazi. Mfanyakazi wa leo mara nyingi hana bwana wala mshahara; ofisi yake ni turubai, na zana yake ni bodaboda ya mkopo. Asipohesabiwa kuwa mfanyakazi, tutamrudisha mahali mkoloni alipomweka mwaka 1944, pa mtu asiyetakiwa mjini.

Katika jamii inayobadilika upesi namna hii, mipaka ya jana haitatosha, na ya kesho haijachorwa bado. Ndiyo maana twawaomba viongozi wa matawi na madiwani wasiogope maswali ya wananchi. Swali lililosikilizwa mapema huokoa mabomu ya machozi baadaye. Nao wanachama wasione haya kuisoma Katiba katika kikao cha shina, ibara kwa ibara, kama wazee wetu walivyoisoma kadi ya TANU chini ya miembe.

Wazee walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kijana wa viatu aweza kuambiwa asogee. Aweza kutozwa faini, aweza hata kuhamishwa. Lakini aonyeshwe mstari ulipo, apewe karatasi ya mali yake, asikilizwe kabla ya kuamuliwa, na ajue mlango wa kubisha akionewa. Akipewa hayo, atasogea, na mzee mwenye fimbo atapita.